Kurasa 11 za salamu

Mswada uliletwa na mjukuu, ndani ya kikapu cha ukili, chini ya maembe. Kaunta buku tatu zilizojaa mwandiko wa kalamu ya bluu, na juu yake bahasha ya karatasi zilizochapwa, vyote vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. "Bibi kasema maembe ni yako, madaftari yatarudi," akasema, akapanda baiskeli yake akarudi mtaani kwao Ngamiani.

Bibi mwenyewe alikuwa na miaka 63. Ni karani mstaafu, na amekuwa akisoma kila kinachosomeka tangu yuko darasa la pili. Nimembadilishia mambo mawili matatu ili jirani zake wasimjue. Mengine yote kaniachia niyaseme, kwa sharti nisimwite msomaji mkubwa. "Ukubwa wa nini, mwanangu? Nilikuwa nakimbia kuosha vyombo."

Nakiandika kisa chake kwa sababu ya swali ambalo watu wengi hapa Tanga huniletea wakija na kazi zao nizihariri: nimesoma tangu utotoni, mbona nikiandika haitoki? Jibu rahisi ni "soma zaidi". Huyu mama nilimpa jibu hilo, na nusura nimharibu.

Mswada wenyewe

Ulikuwa na kurasa 212. Kijana wa steshenari alimtoza shilingi 500 kwa ukurasa, na kwa bei hiyohiyo akamgeuzia kila "aghalabu" kuwa "mara nyingi", akidai kompyuta yake inalipigia mstari mwekundu.

Ukurasa wa kwanza ni dua. Wa pili ni shukrani. Kuanzia wa tatu hadi wa sita ni sifa za bahari, kisha mji usio na jina, kisha mfalme wa mji huo, nasaba yake, na busara za waziri wake. Ukurasa wa 12, mstari wa nne, mwanamke mmoja anafungua dirisha na kumwagia mpita njia maji ya kuoshea mchele. Nilicheka peke yangu. Pembeni nikaandika kwa penseli: ANZA HAPA.

Bahati mbaya mwanamke yule hakurudi tena. Waliobaki walikuwa watu wenye majina ya tabia zao, na wakiitana walisema "ewe". Ngamiani watu huitana "wee", na urefu wa hiyo "wee" hutegemea ukubwa wa hasira. Mama huyu anaijua "wee" ya kila kimo. Ukikaa naye barazani dakika kumi utaisikia. Katika mswada haikuwamo hata moja.

Kiswahili chake hakikuwa na doa, na hilo ndilo lililonitatiza. Kila sentensi ilikuwa nzuri, na karibu zote nilikuwa nimeshakutana nazo mahali. Miaka 50 ya maandishi ya watu ilikuwa imelala sikioni mwake, na siku aliposhika kalamu ikamwagika yote.

Palikuwa na sababu nyingine, aliyonieleza baadaye bila haya. Redioni alisikia habari za Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, mshindi wa kwanza akiondoka na shilingi milioni 10. Akahesabu bati, akahesabu ada ya mjukuu, kisha akakaa kuandika kitu alichodhani majaji wangekiheshimu. Simlaumu. Mimi pia nahitaji bati. Lakini mtu anayewaandikia majaji asiowajua hutoka na kanzu ya kuazima, na mikono yake huwa mifupi au mirefu, haiwi sawa.

Nilipokosea

Nilimwandikia orodha ya riwaya tano za miaka ya karibuni nikamwambia azisome aone watu wanavyoandika sasa. Wiki sita baadaye akaja na sura mpya. Sentensi fupifupi. Mwanamume yuko ghorofani usiku, Dar es Salaam, ana glasi mkononi, mvua inanyesha, hampendi mtu. Mama huyu hajawahi kukanyaga baa.

"Hiki umekitoa wapi, mama?"

"Si ndivyo mnavyotaka sasa?"

Hapo nikajua nimefanya nini. Sikio la namna hii, unacholilisha ndicho kitakachorudi. Ukililisha vitabu vya wafalme, litakurudishia wafalme, na ukililisha ghorofa, litakurudishia ghorofa. Kusoma kulikuwa kumemfanya hodari wa kuiga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhariri, na hakuna kitabu kati ya vyote alivyosoma kilichomwambia mahali pa kuachia. Kama ningeendelea kumletea riwaya angekuwa na sauti mpya kila mwezi.

Nikabadilisha swali. Nikamuuliza kama aliwahi kuandika kitu chochote ambacho mtu alikisoma, akainuka, akafanya jambo.

Alikaa kimya kidogo. "Barua," akasema. "Lakini barua si uandishi."

Mtoto wa kusoma barua

Mama yake alipika vitumbua na kuviuza barazani. Magazeti makuukuu ya kufungia aliyanunua dukani kwa kilo. Kazi ya mtoto ilikuwa kuyachana vipande vya kutosha vitumbua vinne, naye alisoma huku anachana, tena haraka, maana kila mteja aliondoka na nusu ya hadithi. Karatasi ikishalowa mafuta, maandishi ya upande wa nyuma hujitokeza yakiwa kinyume. Anasema alizoea kusoma mambo mawili kwa mara moja: bei ya katani kwa mbele, tanzia kwa nyuma.

Alipofika darasa la tatu, mwaka 1969, mtaa ulishajua kwamba yupo mtoto anayesoma bila kugugumia. Tukumbuke wakati wenyewe. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma na kuandika. Waume na vijana walikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza na Korogwe, wengine wamevuka kwenda Mombasa au Unguja. Barua ikija ilihitaji mdomo, na mdomo wa mtaa ule ukawa mtoto wa miaka tisa anayelipwa kipande cha muwa. Alisoma barua za watu na kuandika majibu, kwa mtindo ambao kila mtu wa rika lake anaukumbuka: salamu nyingi kama mchanga wa pwani, dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, mimi ni mzima buheri wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Siku moja akaitwa kwa jirani. Barua imetoka Muheza, mwanawe yuko shambani huko. Kina mama wanne wamekaa uwani kwenye mkeka, nyungo mapajani, wanachambua mchele. Akaifungua, akaanza kwa sauti: salamu, mchanga wa pwani. Macho yake, yaliyozoea kukimbia mbele ya mdomo kwa sababu ya wateja wa vitumbua, yakawa yameshafika mstari wa tano. Barua haikuandikwa na yule kijana. Imeandikwa na mwenzake, na mstari wa tano unasema ametutoka.

Mdomo ulikuwa bado kwenye salamu. Akazirudia. Akazirudia tena, polepole, akaongeza za kwake ambazo hazikuandikwa. Kisha akasema, "Hapa wino umefifia, ngoja nimwite mama," akatoka mbio.

Mama yake alikuja na mikono ina unga. Hakujua hata herufi moja. Aliichukua ile barua, akamtazama mwanawe usoni, akaikunja bila kuuliza neno, akaenda kukaa karibu na jirani yake.

Nilipokuwa nasikiliza haya nilikuwa na mswada mapajani, umefunguka pale kwenye sifa za bahari. Kurasa 11. Nilikuwa nimezihesabu kuwa mapambo, kumbe mama huyu alijifunza akiwa na miaka tisa kwamba salamu ndipo mahali pa kujificha wakati jambo zito linakuja. Kuna kitu nyuma ya bahari ile na nyuma ya yule mfalme, na alikuwa bado anarudia salamu ili asikifikie.

Nyumba inavuja

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kina mama wa mtaa wakaanza kwenda ngumbaru jioni, na daftari zao ndani ya kanga. Mmoja mmoja wakaacha kumwita. "Nilikasirika, wallahi," anasema. "Niliona Nyerere kaniharibia biashara."

Mama yake naye akaenda. Ilimchukua muda, lakini mwaka 1974 aliandika barua yake ya kwanza. Kaka mkubwa wa familia alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, na miaka mitatu ilikuwa imepita hajaja nyumbani. Binti ndiye aliyekuwa akimwandikia kwa niaba ya mama, kurasa mbili mbili, moja na nusu ikiwa salamu. Safari hii mama aliandika mwenyewe, usiku, kwa kibatari:

"Mwanangu. Nyumba inavuja upande wa kitanda chako. Kitanda nimekihamisha. Mama."

Binti, ambaye sasa ana miaka 14 na anajiona msomi, aliikuta asubuhi kabla haijapelekwa posta. Aliona aibu. Barua gani haina hata hujambo? Juu palikuwa na nafasi, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, mchanga wa pwani na kadhalika, nusu ukurasa mzima. Kaka akaja baada ya wiki mbili, kabeba misumari. Kabla hajakaa aliuliza, "Ya chini nani kaandika?"

"Ya juu hakuiulizia," aliniambia, na mpaka leo akilisema hilo hacheki.

Kwa hiyo mama huyu alibeba barua mbili zinazopingana. Moja ilimfundisha kwamba salamu huokoa, nyingine kwamba salamu hufunika. Nadhani vitabu vyote alivyosoma baadaye vilipita juu ya hizo mbili, na kwa kuwa vitabu vingi vya wakati ule vilikuwa na mwanzo mrefu wa heshima, upande wa salamu ukashinda.

Ya tatu si barua moja. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kaka akabaki upande wa pili. Barua zikawa zinatafuta njia za kuzunguka, nyingine zikapotea. Binti akaendelea kuandika hivyohivyo, na anasema uandishi wake ulibadilika bila kukusudia. Zamani aliweza kuandika "yale mengine nitakueleza katika barua ijayo". Sasa hakuwa na uhakika na barua ijayo. Ilibidi kila moja ijitosheleze: nani kafa, nani kaolewa, mwembe wa uwani umeanguka upande gani, mama anaumwa goti lipi. Mimi namwambia hapo ndipo uandishi wake ulipoanza. Yeye anabisha, anasema hapo alikuwa anamkumbuka kaka yake tu.

Maktaba, kisha masjala

Habari za maktaba nitazipita haraka, ingawa yeye angependa nikae hapo. Alikuwa akivuka reli kwenda mjini, kwenye Maktaba ya Mkoa, na rafu ya Kiswahili aliimaliza. Miaka ya themanini vitabu vipya vilipokuwa haba akairudia yote, hadi akajua kitabu kipi kina doa la chai na ukurasa gani umechanika. Msamiati wake umetoka huko, na hilo si dogo. Kijana anayekuja kwangu bila miaka ile ya rafu huwa ana kisa kizuri lakini hana maneno ya kukibebea.

Masjala ndiyo iliyonivutia zaidi. Aliingia ofisi ya umma mwaka 1981 na akatoka mwaka 2020, miaka 39, karibu yote akiwa karani wa masjala. Kazi yake ilikuwa kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuzipa faili, na kuziandika kwenye rejista: tarehe, imetoka kwa nani, yahusu nini. Nafasi ya "Yah" kwenye rejista ni mstari mmoja. Mtu anaandika kurasa tatu, anaanza na heshima kwa viongozi wote, anapita kwenye historia ya ukoo, na mwisho kabisa anataja shida. Karani lazima aisome yote kisha aandike mstari mmoja. Alinipa mfano ambao bado anaukumbuka neno kwa neno: "Analalamika mnazi wa baba yake umekatwa." Wakubwa wake, anasema, mara nyingi walisoma mstari wake tu.

Miaka 39 ya kutafuta mnazi ndani ya kurasa tatu! Sijui chuo gani kinachofundisha hivyo. Kumbe alikuwa na ufundi ule uliohitajiwa na mswada wake, ila aliutumia kwa barua za watu wengine, saa za kazi, na jioni akirudi nyumbani aliuvua.

Nilimkumbusha habari za Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa karani wa serikali, kuanzia forodhani. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilikuja kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 2002. Barua za nyumbani, kitabu kizima. Mama alimjua kwa mashairi tu. Alinyamaza, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. "Hizo barua," akauliza, "zina salamu?"

Ugomvi wa hodi

Tulipoanza upya nilimwambia kurasa 11 zote ziende. Akakataa. "Nani anaingia nyumba ya watu bila hodi?" Nikamwambia hodi ni neno moja, haina kurasa. Akasema hodi husemwa mara tatu na kila moja ina maana yake: ya kwanza wenye nyumba wajue kuna mtu, ya pili wajitandie, ya tatu wajue kwamba hutaondoka.

Hoja hiyo sikuwa na jibu lake, na sina hadi leo. Mimi nimesomeshwa kukata mwanzo. Msomaji wa Ngamiani amelelewa kwenye hodi, na hadithi inayomrukia kifuani humfanya arudi nyuma. Tulikubaliana kwamba kila hadithi iwe na hodi, ila yeye apime urefu wake kwa masikio ya watu. Jioni akawa anawasomea kina mama wanaokaa naye barazani. Aliangalia mikono yao. Wakiendelea kuchambua mchele, hodi imekuwa ndefu. Mikono ikisimama, anaweka alama ya kalamu pale pale. Kwa njia hiyo alikata mwenyewe zaidi ya nilivyokuwa nimethubutu kupendekeza.

Kitu kingine ni hila ndogo niliyompa kwa kubahatisha: juu ya kila hadithi aandike jina la mtu mmoja anayemwandikia, kama barua, na akimaliza alifute. Majina mengi yalikuwa ya marehemu. Hakuna aliyekuwa jaji. "Ewe" zikatoweka bila mimi kuzigusa, kwa sababu kaka yake hakuwahi kuitwa "ewe" hata siku moja. Mfalme naye akaondoka, na waziri wake. Yule mwanamke wa maji ya mchele akarudi, safari hii na jina, mume, na deni dukani.

Zikawa hadithi tisa. Ile ya barua ya Muheza ilikuwa ya mwisho kuandikwa, na ilimtesa. Ukoo wa jirani yule bado upo mtaani. Alijaribu kuihamishia mji mwingine, ikafa. Akambadilisha mama kuwa shangazi, ikafa tena. Mwishowe akavaa baibui, akaenda kwa mjukuu wa jirani, akamweleza yote, jambo ambalo binti yule hakuwa amewahi kulisikia. Walikaa mchana kutwa. Ruhusa akapewa, na akaiandika kwa siku mbili.

Mchapishaji mmoja aliukalia mswada miezi tisa bila kujibu hata simu. Mama akakopa kwenye kikoba, akachapisha nakala 150. Tisini na kitu zimeuzwa, nyingi barazani na msibani, na mkopo umebaki kidogo. Bati bado.

Wiki iliyopita mjukuu alikuja tena na kikapu. Hakikuwa na maembe. Kilikuwa na kaunta buku mpya na kikaratasi: "Mbili mpya. Ya pili mbichi. Mwanzo usiukate." Nikakisoma, nikakigeuza nyuma kutafuta salamu.